Abu Hureyra, Yeriko au Çatalhöyük: kijiji kipi kinaeleza vizuri zaidi mwanzo wa kilimo?

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya mwanzo wa kilimo nakuwa na vipindi viwili tu, dakika themanini kwa jumla, na darasa lenye njaa maana cha pili kinapakana na chakula cha mchana. Nilipoanza kufundisha nilijaribu kuzunguka dunia nzima: Misri dakika kumi, Mesopotamia dakika kumi, China, Meksiko, kisha tukafunga na orodha ya "faida za kilimo" ambayo wanafunzi waliinakili bila kuuliza hata swali moja. Siku hizi nachagua kijiji kimoja, nakaa hapohapo.

Vijiji nilivyovijaribu ni vitatu, vyote vya Mashariki ya Kati. Nitavilinganisha kwa mambo ninayoyajali mimi: kama kijiji kinaonyesha mwanzo wenyewe au matokeo tu, watu walikula nini na kiliwagharimu nini, waliishije pamoja, na kama kuna kitu cha kuchora ubaoni. Anayetafuta mada ya insha, au mzazi anayetaka kumsimulia mtoto, nadhani vigezo hivyo vitamfaa pia.

Abu Hureyra ilikuwa Syria, ukingoni mwa mto Frati. Nasema "ilikuwa" kwa sababu leo iko chini ya maji. Andrew Moore na wenzake waliichimba mwaka 1972 na 1973 wakikimbizana na ujenzi wa bwawa la Tabqa, na ziwa la bwawa hilo likaifunika. Watu walianza kuishi hapo kama miaka 13,000 iliyopita.

Yeriko ni ileile ya kwenye Biblia, katika bonde la Yordani, Ukingo wa Magharibi, zaidi ya meta 200 chini ya usawa wa bahari. Kilima chenyewe kinaitwa Tell es-Sultan, na Kathleen Kenyon alikichimba kati ya 1952 na 1958. Kwenye darasa lolote kuna atakayeuliza habari za Yoshua na tarumbeta zilizoangusha ukuta wa mji, kwa hiyo jiandae: ukuta tunaouzungumzia hapa una umri wa kama miaka 10,000, yaani ni mkongwe kwa maelfu ya miaka kuliko wakati wowote unaotajwa kuwa wa Yoshua.

Çatalhöyük iko Uturuki, kwenye uwanda wa Konya. James Mellaart alianza kuichimba mwaka 1961, na Ian Hodder akaifungua upya mwaka 1993, akaifanyia kazi kwa robo karne. Ndiyo kitinda mimba wa hawa watatu. Iliishiwa na watu takriban kati ya 7100 KK na 5950 KK.

Mwanzo uko wapi?

Hapa ndipo vijiji hivi vinapoachana kabisa.

Çatalhöyük haina mwanzo. Waliojenga pale walikuja na ngano, shayiri, dengu na njegere zilizokwisha kuzoea shamba, pamoja na kondoo na mbuzi wa kufugwa. Ni kama kufika harusini pilau likipakuliwa: utashiba, lakini hukuona mchele ukichambuliwa.

Yeriko iko karibu zaidi na chanzo. Pana chemchemi isiyokauka, Ain es-Sultan, na kabla ya kijiji wawindaji walikuwa wakipiga kambi hapo. Waliokuja kujenga ukuta walipanda shayiri na ngano huku bado wakiwinda. Tatizo ni kwamba tabaka la hao wa kwanza ni jembamba, halina mengi ya kusimulia.

Abu Hureyra ina pande zote mbili mahali pamoja. Chini kabisa kuna vibanda vya watu ambao hawakulima: vishimo vilivyochimbwa ardhini, vikaezekwa kwa matawi na matete. Juu yake, miaka elfu kadhaa baadaye, kuna kijiji kikubwa cha wakulima chenye nyumba za matofali mabichi. Wale wa chini hawakuwa wapita njia. Walikaa hapo, kwa ushahidi wa wachimbaji, karibu mwaka mzima, bila shamba.

Wanafunzi wangu huwa wanakuja na ngazi waliyokariri: kwanza watu walihamahama, wakagundua kilimo, ndipo wakatulia. Abu Hureyra inaipindua ngazi hiyo. Walitulia kwanza. Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu kuhusu enzi hiyo, ningefundisha hilo.

Waliwezaje kutulia bila kulima? Gordon Hillman, mtaalamu wa mimea ya kale, alichunguza mbegu zilizoungua zilizopatikana kwa kumwaga udongo kwenye maji na kuziopoa zikielea juu. Alitambua zaidi ya aina 150 za mimea ya kuliwa. Halafu kulikuwa na swala. Kila mwaka, majira ya joto yakianza, makundi ya swala yalipita karibu na kijiji, na watu waliwaua wengi kwa mpigo. Jambo hili linajulikana kwa meno ya swala wenyewe: kuna ndama waliozaliwa karibuni, kuna wa mwaka mmoja, kuna wakubwa, lakini wa miezi ya katikati hawapo. Wangekuwa wanawindwa mwaka mzima, umri wote ungeonekana. Zoezi hili ni tamu darasani kwa sababu mtoto anaweza kulifikia jibu mwenyewe. Mwandikie umri tu ubaoni, umwachie.

Kisha hali ya hewa ikageuka. Karibu miaka 12,900 iliyopita baridi na ukame vilirudi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mimea mingi ya porini ikaadimika. Hillman alidai kwamba hapo ndipo watu wa Abu Hureyra walianza kupanda rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, na kwamba punje chache kubwa alizozipata ni za shambani. Wenzake wengine wameyapinga madai hayo: punje ni chache mno, wanasema. Mimi huwaeleza wanafunzi pande zote mbili. Wanafurahi kusikia kwamba wataalamu nao wanabishana.

Suke linalogoma kupukutika

Ukichagua kijiji chochote kati ya hivi, hili huwezi kuliruka. Suke la ngano ya mwitu likikomaa linapukutika lenyewe. Punje zinaanguka chini zikajipanda. Mara mojamoja hutokea shina lenye hitilafu: suke lake linagoma kupukutika. Porini shina hilo halina maisha. Lakini mtu akija na mundu wa gumegume, punje nyingi anazofika nazo nyumbani ni za masuke yaliyogoma. Akizipanda mwakani, hitilafu inaongezeka shambani. Miaka ikipita, ngano inakuwa haiwezi tena kujipanda bila mkono wa mtu. Wengi wanaofuatilia mabaki ya masuke sasa wanaona mabadiliko hayo yalichukua maelfu ya miaka, hayakuwa kazi ya kizazi kimoja, kwa hiyo lile neno "mapinduzi" tunalolikuta vitabuni lina haraka kuliko mambo yenyewe.

Na hakuna aliyelima kwa sababu nafaka ya mwitu haikushibisha. Mwaka 1966 Jack Harlan, Mmarekani, alikwea miteremko ya mlima Karacadağ kusini mashariki mwa Uturuki akiwa na mundu wa gumegume, akavuna ngano ya mwitu kwa mikono yake. Alipata zaidi kidogo ya kilo moja ya punje safi kwa saa. Kwa hesabu yake, familia ingevuna kwa wiki tatu chakula cha zaidi ya mwaka. Shamba la nini basi? Swali hilo ni zuri zaidi kuliko orodha yoyote ya faida.

Walilipa nini?

Kwenye gharama, Abu Hureyra inashinda kwa mbali, na ni kwa sababu ya mifupa.

Theya Molleson alichunguza mabaki ya watu wapatao 160 wa kijiji hicho. Alikuta kidole gumba cha mguu kimeharibika kwenye kiungo, magoti yamelika, na pingili za chini za uti wa mgongo zimeumia, hasa kwa wanawake. Mwanzoni mtu angedhani ni ugonjwa. Ilikuwa kazi. Mtu anapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, anakunja vidole vya miguu vimsukume, anaegemea mbele na jiwe dogo mikononi, anarudi, anaegemea tena. Saa nyingi, kila siku, tangu utotoni.

Meno nayo yaliisha kwa mchanga wa jiwe uliochanganyika na unga. Yapo meno yenye vijia, kama vile mtu alikuwa akishikilia nyuzi mdomoni anaposuka. Kisha meno ya vizazi vya baadaye yanaanza kuwa na nafuu, na Molleson alitaja chekeche kuwa moja ya sababu: ukichekecha, mawe yanabaki juu. Namkubali kwa sababu ya mama yangu, ambaye hakuwahi kusonga ugali wa unga usiochekechwa.

Nyama nayo ina hadithi yake. Walianza kulima, lakini waliendelea kula swala kwa muda mrefu; karibu asilimia 80 ya mifupa ya wanyama ni ya swala. Halafu, karibu 7500 KK, mambo yanageuka ghafla: kondoo na mbuzi wanachukua nafasi ileile na swala wanabaki wachache. Maelezo yanayotolewa ni kwamba makundi yalikuwa yameshawindwa kupita kiasi.

Yeriko haina simulizi la mwili lenye uzito huo. Çatalhöyük inalo, ila la aina nyingine. Kati ya mafuvu 93 yaliyochunguzwa, 25 yalikuwa na majeraha yaliyopona, mengi ya kupigwa na kitu cha mviringo, na wachunguzi waliyahusisha na vigololi vya udongo wa kuchoma vinavyookotwa kila mahali pale. Ndani ya mbavu za wazee palikutwa masizi, maana moto uliwaka ndani na moshi ulitoka kwa tundu la juu tu. Kwa hiyo Abu Hureyra inakuonyesha gharama ya kusaga, na Çatalhöyük inakuonyesha gharama ya kubanana. Hiyo tofauti ndiyo iliyonisaidia kuamua.

Kujenga na kuishi pamoja

Hapa Yeriko inakuja juu, kwa sababu moja: mnara. Urefu wake ni kama meta 8.5, ni wa mawe matupu, na ndani una ngazi ya vidato 22 inayopanda hadi juu. Umeegemea ukuta mnene, na nje ya ukuta kuna handaki lililochongwa kwenye mwamba. Chuma hakikuwepo, shaba haikuwepo, hata vyungu vya udongo vilikuwa bado. Nani aliwapanga watu hao? Nani aliwalisha siku za kazi? Kenyon aliona ngome ya kujikinga na maadui. Ofer Bar-Yosef, mwanaakiolojia mwingine, alisema ukuta ulikuwa wa kuzuia maji ya mafuriko na matope yaliyoshuka kutoka vilimani. Wengine wamesema mnara ulihusu jua na kivuli cha mlima siku ndefu kuliko zote katika mwaka. Kwa mjadala wa darasani sijaona kitu bora kuliko mnara huu. Ukiwa na wanafunzi wakubwa, wa kidato cha tano na sita, ambao wameshajua habari za suke na swala, chagua Yeriko bila kusita.

Yeriko ina vitu viwili vingine vya kuonyesha kwa karibu. Mwaka 1953 Kenyon alipata mafuvu saba ya watu yaliyofinyangiwa sura kwa chokaa, pua na mashavu vikarudishwa, na macho yakawekwa ya kombe. Moja lilikuwa na macho ya makombe ya kauri, na kwa ule mpasuo wa kauri linaonekana kama lina usingizi. Kitu cha pili ni matofali ya kipindi cha baadaye kidogo. Fundi aliyafinyanga kwa mkono, kisha akayabonyeza kwa dole gumba safu kwa safu ili udongo wa kuunganishia ushike. Alama za dole bado zipo. Kwangu dole hilo linazungumza kuliko mnara, ila najua ni ugonjwa wangu. Wanafunzi wanapenda mnara.

Çatalhöyük haina mnara, haina ukuta, haina hata njia. Nyumba zimeshikana kama masega ya nyuki. Unatembea juu ya mapaa, unashuka kwa ngazi kupitia tundu hilohilo linalotoa moshi, na jiko liko chini yake. Mwanzoni walipika bila chungu cha kuweka motoni: vigololi vya udongo vilipashwa moto vikatumbukizwa kwenye chakula. Kuta zilipakwa lipu nyeupe tena na tena, nyingine zina mamia ya tabaka nyembamba. Pembe za mafahali wa mwitu zilipachikwa ukutani. Na wafu walizikwa chini ya sakafu, kwenye majukwaa ambayo walio hai walilala juu yake. Nyumba moja ilikuwa na zaidi ya watu 60 chini yake.

Nyumba zote hizo zinakaribiana kwa ukubwa. Jumba la mtawala halijaonekana. Kwa mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kilimo kilileta matajiri na maskini papo hapo, hapo kuna kitu cha kumfikirisha, maana watu waliishi kwa kulima mamia ya miaka pale na usawa wa nyumba ukabaki.

Kwa michoro ubaoni, Çatalhöyük haina mpinzani. Hata asiyejua kuchora anaweza kuchora visanduku vilivyobanana na ngazi zinazochomoza. Pia ndicho kijiji kinachofaa zaidi kwa anayetaka kusafiri akaone kwa macho: kimeezekwa kwa mapaa makubwa na wageni hupokelewa. Yeriko nayo inatembelewa, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023, Çatalhöyük ikiwa imetangulia mwaka 2012. Abu Hureyra, kama nilivyosema, ni ya samaki.

Basi uchague kipi?

Kwa mtu anayeanza, awe mwanafunzi wa kidato cha kwanza au mtu mzima asiyewahi kusoma historia, mimi nasema Abu Hureyra. Haina picha ya kuvutia na jina lake linasumbua ulimi. Ilichimbwa misimu miwili tu, kwa haraka, na sehemu ndogo. Nakiri yote hayo. Lakini ni hiyo peke yake kati ya hizi tatu inayokuruhusu kusimama mahali pamoja ukatazama kabla na baada. Kama swali lako ni "nani aliamuru?", nenda Yeriko. Kama ni "waliishije jirani na jirani?", nenda Çatalhöyük. Na ukiwa na watoto wadogo wa shule ya msingi, achana na maneno yangu yote, chukua Çatalhöyük. Kuingia nyumbani kwa kupitia paa kunatosha kuwashika.

Swali moja litakuja hata hivyo, na ni haki lije: na kwetu je? Usilikwepe kwa kusema kilimo kilitoka huko kikaletwa. Afrika Mashariki mpangilio ulikuwa mwingine kabisa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walifika eneo la Ziwa Turkana karibu miaka 5,000 iliyopita. Miaka 3,000 iliyopita wafugaji walikuwa wameshafika Luxmanda, kaskazini mwa Tanzania. Mazao ya shambani yanaonekana baadaye. Kwenye pango la Kakapel, kaunti ya Busia nchini Kenya, kunde iliyopimwa moja kwa moja ilikuwa na umri wa miaka 2,300. Mtama nao ulifugwa, kama tunavyoweza kusema, na Waafrika wenyewe: alama za masuke yake kwenye vigae vya vyungu vya mashariki mwa Sudan zina zaidi ya miaka 5,000. Kwa hiyo weka mistari miwili ubaoni. Abu Hureyra: makazi, shamba, mifugo. Kwetu: mifugo, shamba. Waache wabishane ni ngazi ipi iliyo ya kweli.

Kwa kipindi cha pili naazima jiwe la kusagia kwa jirani yangu, pamoja na ulezi vikombe viwili. Kila mmoja anasaga dakika chache. Mwaka huu wavulana walikaa kitako, jiwe likawateleza, ulezi ukamwagika sakafuni. Wengine walichuchumaa. Msichana mmoja aliyelelewa na bibi yake Kongwa alipiga magoti bila kuambiwa, akakunja vidole vya miguu chini yake, akaanza kusukuma. Nikawaita wote waje upande wa nyuma wavitazame vidole.